UZI: Kuendesha LED 16 kwa PCA9685 kupitia I2C – ukiandika rejista, isome tena

rejista_sifuri (mwanzisha uzi)

Wakuu salama? Maswali ya hii chipu yanarudi rudi kila mara na majibu mengi yanayotolewa ni "badilisha laibrari" au "badilisha bodi", na mtu anabadilisha bodi tatu tatizo likiwa biti moja tu. Nimeona nifungue uzi mmoja tuliweke sawa. Uzi ni mrefu, chukua nafasi yako.

Kwa ambao hawajakutana nayo, PCA9685 ni draiva ya NXP yenye matokeo 16, kila moja ina PWM yake (kuwasha na kuzima haraka haraka ili kupata kiasi cha mwanga) ya biti 12, yani ngazi 4096 za mwanga, na unaiendesha kwa laini ya I2C yenye nyaya mbili tu, SDA ya data na SCL ya saa. Maikrokontrola yako inaandika namba mara moja, baada ya hapo chipu yenyewe ndo inawasha na kuzima bila kukusumbua. Inakula volti 2.3 mpaka 5.5, na laini yake ya I2C inafika mpaka MHz 1. Wengi wanaijua kwa kuendeshea sevo lakini ilitengenezwa kwa ajili ya LED, na kwenye LED ndo utaona uwezo wake wote.

Kitu ninachotaka kila mtu aondoke nacho ni hiki. Ukiandika baiti kwenye I2C na ukapata ACK, hiyo ACK ni kama muhuri wa karani kwenye barua yako ya maombi: unasema barua imefika, hausemi ombi limekubaliwa. Chipu inaweza kupokea baiti yako vizuri kabisa halafu isiifanyie kazi, kwa sababu wakati ule haikuwa kwenye hali ya kuikubali. Na PCA9685 inakuruhusu kusoma karibu rejista zake zote (vile vijumba vya namba ndani ya chipu), kwa hiyo hakuna sababu ya kukisia. Andika, soma, linganisha. Ukishazoea hivyo, nusu ya maswali ya humu yanajijibu yenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni frikwensi. Rejista ya PRE_SCALE ipo 0xFE (0x maana yake namba ni ya heksi) na inaandikika pale tu chipu ikiwa imelala, yani biti ya SLEEP kwenye MODE1, rejista ya hali ya chipu iliyopo 0x00, iwe 1. Ukiiandikia ikiwa macho, namba yako haiingii na hakuna kosa lolote linalorudi kwenye programu yako. Mtu anaweka Hz 1000, anaona taa bado zinapepesa kwenye kamera, anaanza kulaumu waya. Angesoma 0xFE angekuta bado ni 0x1E ileile iliyotoka nayo kiwandani, ambayo ni kama Hz 200, hapo angejua palepale.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: chukua osilata ya ndani ambayo ni MHz 25, gawa kwa 4096, gawa tena kwa frikwensi unayotaka, kadiria kwenye namba nzima halafu toa 1. Kwa Hz 1000 inakuja 6.1, inakuwa 6, unaandika 5, na frikwensi halisi utakayopata ni kama Hz 1017. Namba ndogo inayokubalika ni 3 ambayo inakupa kama Hz 1526, kubwa ni 255 ambayo inakushusha mpaka kama Hz 24. Hiyo MHz 25 nayo ni ya kukadiria tu, chipu moja na nyingine zinatofautiana kidogo. Kwa LED haina shida, kwa sevo ndo utalazimika kupima.

Mpangilio wa kuamsha ninaoutumia mimi ni huu, kila mstari ni andika(anwani ya chipu, rejista, namba):

andika(0x40, 0x00, 0x10)   // lala
andika(0x40, 0xFE, 5)      // frikwensi
andika(0x40, 0x01, 0x04)   // MODE2, jinsi matokeo yanavyotoka
andika(0x40, 0x00, 0x20)   // amka, AI (anwani ya rejista ijisogeze yenyewe) iwashwe
subiri_us(500)

Zile mikrosekunde 500 sio urembo. Osilata ikishaamshwa inahitaji muda huo kutulia, na datashiti inasema hivyo waziwazi. Baada ya hapo soma 0x00 ukute 0x20, soma 0xFE ukute 5, soma 0x01 ukute 0x04. Zikikubali zote tatu ndo unaendelea, moja ikikataa simama hapohapo utafute sababu kabla hujagusa taa.

kapasita10

Mkuu asante kwa uzi. Mi swali langu la msingi kabisa, datashiti inaonyesha anwani kwa namna nyingine, kuna mahali nimeona 0x80, wewe unasema 0x40. Ipi sahihi? Maana nimejaribu zote na 0x80 haijibu kabisa

rejista_sifuri

Zote ni kitu kimoja ndugu. Anwani ya I2C ni biti 7, inasafiri ndani ya baiti moja pamoja na biti ya 8 inayosema unaandika au unasoma. Kwa hiyo 0x40 ukiisukuma kushoto biti moja inakuwa 0x80 ya kuandika na 0x81 ya kusoma. Laibrari nyingi zinataka ile ya biti 7 na kusukuma zinasukuma zenyewe, ukizipa 0x80 haziwezi kupata kitu. Ukiangalia mawimbi kwenye skopu ndo utaona 0x80 ikipita kwenye waya.

Kuna pini sita za anwani, A0 mpaka A5, kwa hiyo unaweza kuweka chipu mpaka 62 kwenye laini moja. Kwa karatasi lakini. Kwenye waya kuna kikomo kingine, uwezo wa laini kubeba kapasitansi, ambao kwa I2C ya kawaida ni pikofaradi 400. Waya mrefu na bodi nyingi vinaimaliza haraka sana.

dada_soketi

Mimi nina kingine cha ajabu kaka. Nikiskani laini naona 0x40 na pia naona 0x70. Nina chipu moja tu! Na nilipoongeza ile chipu ya kugawa laini, TCA9548A, mambo yakavurugika kabisa, taa zinawaka ovyo

rejista_sifuri

Hii dada ni ya wengi, nashukuru umeileta mapema. 0x70 ni anwani ya wito wa pamoja, ALLCALL. PCA9685 ikiwashwa inaamka na MODE1 ikiwa 0x11, yani SLEEP ipo na ALLCALL ipo, kwa hiyo kila PCA9685 kwenye laini inaitikia anwani yake na pia inaitikia 0x70. Nia yake ni nzuri, unaandika mara moja zinasikia zote. Shida ni kwamba TCA9548A nayo ukiiacha pini zake za anwani zote chini inakaa 0x70, na HT16K33 ya zile skrini ndogo za LED nayo ni 0x70. Ukiandika kwa moja, nyingine inapokea pia na kuitafsiri kivyake, ndo hizo taa za ovyo.

Dawa ni kuzima biti ya 0 kwenye MODE1. Angalia mpangilio wangu hapo juu, naandika 0x20 na sio 0x21, ndo sababu. Lakini zingatia hiki: chipu ikikatika umeme na kurudi, ALLCALL inarudi nayo, mpaka uandike tena. Kwa hiyo kama TCA9548A unaweza kuihamisha iende 0x71 au zaidi kwa pini zake, ihamishe tu, hapo umelala salama.

Na hapo hapo nisisitize kusoma tena. Ukiwa katikati ya kazi, taa zimezimika ghafla bila maelezo, soma MODE1. Ukikuta 0x11 wakati wewe uliandika 0x20, basi chipu ilipoteza umeme au ilipata amri ya kuanza upya. Programu yako haina hatia, nenda kaangalie pawa: waya mwembamba, viungio vilivyolegea, kapasita ndogo. Swali moja la baiti moja limekuokolea siku nzima ya kupekua msimbo.

kapasita10

Duh hiyo ya 0x11 nimeiweka akilini. Sasa hizo rejista za taa zenyewe unazipangaje, nimeona kila taa ina rejista nne

rejista_sifuri

Ndio, nne kwa kila chaneli: ON chini, ON juu, OFF chini, OFF juu. Zinaanzia 0x06, kila chaneli inasogea nne, kwa hiyo chaneli ya n inaanzia 0x06 jumlisha 4 mara n. Chaneli ya 5 ni 0x1A, chaneli ya 15 ambayo ni ya mwisho inaanza 0x42.

Ndani ya chipu kuna kihesabio kinachozunguka kutoka 0 mpaka 4095. Kikifika namba ya ON taa inawaka, kikifika namba ya OFF inazima. Wengi wanaweka ON sifuri daima na kuchezea OFF peke yake. Inafanya kazi, ila unakuwa umetupa kitu kizuri kuliko vyote kwenye hii chipu.

Fikiria taa 16 za miliampea 20, zote zina ON sifuri. Kila mzunguko ukianza zinawaka zote kwa pamoja, miliampea 320 kwa mpigo, halafu zinazima, halafu tena, mara mia kadhaa kwa sekunde. Hiyo inatikisa volti, inaleta kelele kwenye laini ya I2C yenyewe, na kama una kipimo cha analogi karibu kinapata shida. Sasa sogeza ON ya kila chaneli kwa 256, ya kwanza 0, ya pili 256, ya tatu 512 na kuendelea. Kama mwanga ni robo, yani 1024, muda wowote ule taa zinazowaka kwa pamoja ni nne tu, miliampea 80 badala ya 320. Mwanga kwa jicho ni uleule, pawa inapumua.

Mfano chaneli ya 5 kwa mwanga wa 1024: ON ni 1280, OFF ni 2304. Kwa heksi ni 0x0500 na 0x0900, na baiti zinatumwa ile ya chini kwanza, kwa hiyo kwenye waya zinapita 00 05 00 09. Ukivuka 4095 unazungusha, chaneli ya 12 ikiwa nusu, ON 3072 na OFF inakuwa 1024. OFF kuwa ndogo kuliko ON haina shida yoyote, chipu inaelewa kwamba inavuka mwisho wa mzunguko.

Kitu kimoja ambacho hakiruhusiwi ni ON na OFF kuwa sawa. Datashiti imekataza. Kwa hiyo mwanga sifuri na mwanga kamili havipatikani kwa namba, vina biti zake. Biti ya 4 ya ON juu inawasha moja kwa moja, biti ya 4 ya OFF juu inazima moja kwa moja, zikiwepo zote mbili ya kuzima ndo inashinda. Kila kitendakazi cha kuweka mwanga lazima kiwe na hizo njia mbili za pembeni, mtu akikuletea kisichokuwa nazo kirudishe.

binti_volti

Nimefuata, nikatuma taa zote 16 kwa mpigo nikiwa na AI imewashwa, baiti 64. Za mwanzo zinakubali, kuanzia kama ya nane hivi hazibadiliki. Nimesoma rejista kama ulivyosema, chaneli ya 7 imeingia nusu nusu, OFF juu haijabadilika, kuanzia 8 kwenda mbele ni zile za zamani. Natumia Arduino ya kawaida

rejista_sifuri

Safi sana, umesoma rejista ukaleta ushahidi, hivi ndo maswali yanatakiwa kuja. Jibu lipo kwenye laibrari ya Wire, chipu haihusiki. Kwenye Arduino za AVR, yani zile za kawaida kama yako, hifadhi ya muda ya Wire ni baiti 32 tu. Ya kwanza inaliwa na anwani ya rejista, zinabaki 31. Chaneli saba ni baiti 28, zinaingia. Chaneli nane ni 32, ukijumlisha ile ya rejista ni 33, imezidi moja, na hiyo moja ndo OFF juu ya chaneli ya 7 unayosema haijabadilika. Zinazozidi zinatupwa kimya kimya. Wire.write inarudisha 0 kwa baiti iliyokosa nafasi, lakini nani huwa anaangalia hiyo 0?

Gawa kwa nne nne, mafungu manne ya baiti 17, ni rahisi kufikiria. Au saba, saba, mbili. Bodi nyingine zina hifadhi kubwa zaidi, ila mi naandika kwa nne nne popote ili msimbo uhamike bila kuanza kuwaza.

Kuhusu kasi msiogope. Baiti moja kwenye I2C ni biti 9 ukihesabu ACK. Kwa mafungu marefu ya baiti 66 ni kama biti 600, kwenye kHz 400 ni kama milisekunde 1.5, kwenye kHz 100 ni kama 6. Hata ukigawa inaongezeka kidogo tu. Jicho halioni.

TaaKumi

Mi nina chipu tatu, LED 48, nataka zibadilike kwa pamoja. Saivi naona wimbi linapita, ya kwanza inabadilika, afu ya pili, afu ya tatu. Ni kidogo ila kwenye video inaonekana

rejista_sifuri

Hapa utaipenda hii chipu mkuu. Biti ya OCH kwenye MODE2 ikiwa 0, ambayo ndo ilivyo kiwandani, matokeo yanabadilika pale STOP inapopita kwenye laini, sio pale baiti inapofika (START na STOP ni ishara za kufungua na kufunga ujumbe wa I2C). Kwa hiyo usitume STOP baada ya kila chipu. Tuma START, chipu ya kwanza na data zake, halafu START tena bila STOP, chipu ya pili, START tena, ya tatu, ndo unamaliza na STOP moja. Zote tatu zilikuwa zimeshika namba mpya mkononi, zinazibadilisha pamoja. Kwenye Wire ni endTransmission(false) kwa zote isipokuwa ya mwisho.

Sasa utaniuliza, na ile hifadhi ya baiti 32? Haikuzuii, kwa sababu kila fungu linaanza na START yake na hakuna STOP katikati, hata kwenye chipu ileile. Fungu kumi na mbili za nne nne, STOP moja mwishoni.

Kitu cha ziada, kila chipu ina osilata yake, kwa hiyo mizunguko ya PWM haitalingana kabisa kati ya chipu na chipu. Kwa mwanga hailetei shida. Kama kazi yako ni ya kamera na unataka zilingane hasa, tumia saa moja ya nje kwa pini ya EXTCLK, inakubali mpaka MHz 50. Ila ujue ukishawasha biti ya EXTCLK huwezi kuizima kwa kuandika 0, inatoka tu kwa kukata umeme au kwa amri ya kuanza upya.

dada_soketi

ALLCALL nimezima, TCA nimehamishia 0x72, yametulia kabisa asante sana. Swali jingine, nikibonyeza kitufe cha reset kwenye bodi programu inaanza upya lakini taa zinabaki zimewaka kama zilivyokuwa, ni kawaida?

rejista_sifuri

Ni kawaida na ni muhimu kuielewa. PCA9685 haina pini ya reset. Ukiianzisha upya maikrokontrola, chipu haijui kitu, inaendelea na namba za mwisho ulizoipa. Kwa taa za mapambo sawa, kwa taa ya onyo au kitu kinachopata moto sio sawa.

Njia mbili, na mimi naweka zote. Ya kwanza ni amri ya kuanza upya kwa programu: anwani 0x00, baiti moja 0x06. Hiyo ni anwani ya wote kwenye I2C, kwa hiyo chipu nyingine yoyote kwenye laini inayoelewa amri hiyo nayo itaanza upya, angalia jirani zake kwanza. Ya pili ni pini ya OE. Ikiwa juu matokeo yanazimwa hata chipu ikiwa inafanya kazi. Bodi nyingi zinaivuta chini ili iwe wazi muda wote. Iondolee hiyo, ivute juu kwa rezista ya kilo-ohm 10, ipeleke kwenye pini ya maikrokontrola, uishushe pale tu umeshaandika na kusoma rejista zote. Hapo bodi ikijianzisha upya kwa sababu yoyote, pini inaelea, rezista inaivuta juu, taa zinazima zenyewe.

Na kama reset ilitokea katikati ya kusoma, kuna jambo baya zaidi linaweza kutokea: chipu ilikuwa inatuma biti ya 0, imeshika SDA chini, inasubiri SCL ambayo haiji. Laini yote inakufa, hakuna anayejibu. Tibu kwa kupiga SCL mara tisa kwa mkono, yani pini iwe ya kawaida kwanza, halafu tuma STOP, ndo uanze I2C. Weka hiyo kwenye mwanzo wa programu kila mara, haina gharama yoyote.

binti_volti

Gawanyo la nne nne limekubali!! Sasa nabadilisha frikwensi programu ikiwa inaendelea, nalaza, naandika, naamsha. Frikwensi inaingia vizuri nimesoma, lakini taa zote zinazima na hazirudi. MODE1 inasoma 0xA0, mi niliandika 0x20

rejista_sifuri

Umeshajijibu nusu, hiyo 0x80 iliyozidi ni biti ya 7, RESTART. Ukilaza chipu wakati chaneli zinafanya kazi, yenyewe inaweka RESTART kuwa 1, maana yake "nilikuwa na kazi, ukiniamsha uniambie niendelee". Ukiamsha, subiri zile mikrosekunde 500, halafu andika 1 kwenye biti ya 7, yani 0xA0. Inaendelea na namba zake za zamani na biti inajifuta. Ukisoma tena utakuta 0x20.

Au usihangaike nayo, andika upya mwanga wa chaneli yoyote, STOP ikipita RESTART inafutika yenyewe. Ukitaka kurudisha mwanga uleule bila kuandika chochote ndo RESTART ina maana. Na kuandika 0 kwenye biti hiyo hakufanyi lolote, wengi wanajaribu kuifuta hivyo.

kapasita10

Nimeunganisha kwenye bodi ya volti 3.3, chipu nimeipa 5 kwa sababu LED zinataka 5. Inajibu mara moja moja, mara haijibu. Rezista za kuvuta juu zipo kwenye bodi

rejista_sifuri

Ipe chipu 3.3, sio 5. Chipu inaitambua laini kuwa juu ikifika asilimia 70 ya VDD yake, yani volti unayoipa chipu. VDD ikiwa 5 hiyo ni volti 3.5, na bodi yako inatoa 3.3 ikijitahidi. Unaishi kwenye mpaka, siku ya joto inakubali siku ya baridi inakataa. Halafu rezista za kuvuta juu zilizopo kwenye bodi ya draiva zinavuta kwenda VDD, kwa hiyo ulikuwa unapeleka volti 5 kwenye pini za maikrokontrola ya 3.3, hiyo sio salama kwa bodi nyingi.

LED zako zibaki na 5 yake. Bodi nyingi zina VCC ya chipu na V+ ya mzigo mbalimbali, tazama yako. Graundi tu ndo lazima ziungane. Pini za matokeo zinavumilia mpaka volti 5.5 hata chipu ikiwa 3.3.

Ukiwa na bodi nyingi kwenye laini moja hesabu zile rezista pia, kila bodi inakuja na zake na zikiwa sambamba zinapungua, bodi kumi zenye kilo-ohm 10 zinakuwa kilo-ohm 1 na kila chipu inalazimika kuvuta mkondo mkubwa kuishusha laini. Toa za bodi nyingine bakiza za moja au mbili.

TaaKumi

STOP moja imefanya kazi, wimbi limepotea. Sasa mwanga. Nikipandisha polepole 0 mpaka 4095 naona mwanzo inaruka haraka sana afu kuanzia katikati kama haibadiliki kitu

rejista_sifuri

Jicho haliko mstari. Nusu ya umeme haionekani nusu ya mwanga, inaonekana zaidi ya hapo. Unatakiwa kupitisha namba kwenye mkunjo wa gama: chukua ngazi yako 0 mpaka 255, gawa kwa 255, ipandishe kwa kipeo cha 2.2, zidisha kwa 4095. Ngazi ya 128 inatoka kama 899, yani asilimia 22 tu ya muda, na jicho linaiona kama nusu. Ngazi ya 10 inatoka 3. Hapo ndo unaona kwa nini biti 12 zina thamani, kwa biti 8 ngazi zote za chini zingekuwa sifuri na taa ingepanda kwa kuruka.

Tengeneza jedwali la namba 256 mara moja, usipige kipeo kila mara kwenye maikrokontrola ndogo. Na kama unachanganya nyekundu kijani na bluu, pitisha kila rangi kwenye jedwali kwanza, bila hivyo rangi ya chungwa itakujia njano.

dada_soketi

Kaka nikiziunganisha LED moja kwa moja, mguu wa chanya kwenye 5 na hasi kwenye chipu, mwanga unakuja kinyume. Nikiweka mosfeti unakuja sawa

rejista_sifuri

MODE2 hiyo. Biti ya 4, INVRT, ndo inayogeuza matokeo kinyume. Ukiwa na mosfeti ya N nje, INVRT 0 na OUTDRV (biti ya 2, pini isukume juu na kuvuta chini) 1, yani 0x04. Ukiunganisha moja kwa moja chipu ikiwa inavuta kwenda chini, INVRT 1, kwa hiyo 0x14. Mwisho ni miliampea 25 kwa pini ikivuta chini, lakini ikisukuma juu ni 10 tu, ndo maana LED za moja kwa moja zinawekwa upande huo ulioweka wewe. Rezista kwa kila LED ni lazima, hii chipu haidhibiti mkondo, inawasha na kuzima tu.

Ukishaweka INVRT rudi uangalie OE inafanya nini kwenye muunganiko wako, kwa sababu matokeo ya OE yanategemea OUTDRV na OUTNE pia, hiyo ya pili nayo ipo MODE2. Jaribu ukiwa na LED moja kabla ya zote.

kapasita10

3.3 imetulia, haijakataa tena. Kwenye Raspberry Pi naweza kusoma hizi rejista bila kuandika programu?

rejista_sifuri

Ndio, i2cdetect -y 1 kuona nani yupo, i2cget -y 1 0x40 0x00 kusoma MODE1, i2cset -y 1 0x40 0x00 0x20 kuandika. Mi naanzia hapo kila nikipata bodi mpya, kabla ya laibrari yoyote. Kumbuka tu rejista za ALL_LED, 0xFA mpaka 0xFD, ni za kuandika, ukizisoma zinarudisha sifuri. Usizitumie kuhakiki, soma ya chaneli yenyewe.

binti_volti

Swali la mwisho toka kwangu. Kuna mtu kaniambia nihamie MAX7219 au TLC5947 kwa sababu ni SPI (aina nyingine ya laini ya kuongea na chipu) na ni haraka zaidi. Unasemaje

rejista_sifuri

Inategemea una LED gani. TLC5947 ina matokeo 24 ya biti 12 na inadhibiti mkondo yenyewe, rezista moja kwa chipu nzima badala ya moja kwa kila LED, mpaka miliampea 30 kwa tokeo. Kama una LED nyingi na unataka zilingane mwanga, ni bora kuliko PCA9685. Unasukuma biti 288 kwa mpigo, chaneli ya 23 inatangulia, halafu unapiga pini ya XLAT ndo zinaingia. Haina anwani, chipu zinafuatana mkia kwa kichwa. MAX7219 ni ya tarakimu na matriksi ya LED 64, mwanga wake ni wa ngazi 16 kwa zote pamoja, kwa hiyo kama unataka kila LED na mwanga wake, sio hiyo.

Ila zote mbili huwezi kuzisoma rejista zake kama hii. Kwa MAX7219 unachofanya ni kuandika upya rejista zote za mpangilio kila baada ya muda, 0x09 mpaka 0x0C na 0x0F, ili kama kelele imeigusa ikaingia kwenye hali ya majaribio irudi yenyewe. Kwa TLC5947 unasukuma fremu nzima upya hata kama hakuna kilichobadilika. Kwa hizo LED zako 16 na laini uliyonayo tayari, baki na PCA9685.